Nguo Kavu na Meno ya Bandia

Mtu akisimama kanisani mkoani Njombe kushuhudia kwamba alikufa akarudi, mpangilio wa maneno yake hujulikana mapema. Kwanza ugonjwa: uzazi uliokwama, homa isiyoshuka, ajali ya bodaboda. Halafu safari ya Ikonda, maana huku Makete, kwenye baridi na ukungu, hospitali ya Wakonsolata ndiyo kimbilio hata la wagonjwa wa Mbeya, Iringa na Songea. Halafu giza, mwanga, ndugu waliotangulia, na mmoja aliyesimama mahali pa kuvukia anayesema: rudi, saa yako bado. Mwisho macho yanafumbuka wodini.

Wasikilizaji hugawanyika papo hapo. Huyu atasema ni mkono wa Mungu, yule atasema ni ubongo uliokosa oksijeni. Naomba tuwasubirishe wote wawili, tuusome kwanza ushuhuda kama tunavyosoma hadithi yoyote: nani anasema, anasema akiwa wapi, na nani amenyamaza.

Angalia vitenzi. Sehemu ya kwanza inakwenda mbio: nikabebwa, nikalazwa, nikachomwa sindano, nikaanza kuelea. Tendo linasukuma tendo, hakuna pumzi ya kueleza lolote. Ukifika kwenye mwanga mnyororo huo unakatika. Msimuliaji anahamia wakati uliopo: naona, nasikia, nasogea. Saa haipo tena. Kisha inakuja amri ya kurudi, na hiyo hutolewa kwa maneno yaleyale ya aliyeisema, hata kwa sauti yake. Baada ya amri ndipo sababu inapoingia kwa mara ya kwanza: una watoto wadogo, kuna deni hujalipa, kuna mtu hujamsamehe. Mwanga unafanana na wa wasimuliaji wengine wengi, lakini sababu za kurudishwa ni za nyumbani kwa msimuliaji.

Sasa kuna sentensi moja katika ushuhuda huo ambayo mwenyewe hawezi kuibeba peke yake, nayo ndiyo inayoshikilia yote: nilikufa. Hakuna anayeweza kuwa shahidi wa jambo hilo juu ya nafsi yake. Ndiyo maana, ukisikiliza vizuri, utakuta mahali pa kiraka: “waliniambia baadaye kwamba moyo ulikuwa umesimama.” Hapo sauti ya pili imepita, ikatoka. Nadhani mjadala mzima wa sayansi na roho unategemea sauti hiyo, na ajabu ni kwamba ndiyo isiyoulizwa.

Masimulizi yetu ya zamani yaliijua thamani yake. Wazee wa Umatumbi na Rufiji walipohojiwa miaka ya 1960 juu ya vita vya Majimaji, walieleza jinsi Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alivyopagawa mwaka 1904, akatambaa kwa tumbo hadi kwenye maji na kuzama. Ndugu zake wakakesha ukingoni. Kesho yake akaibuka mzima, nguo zake kavu, akaanza kunena mambo ya unabii, kwamba waliokufa watarudi. Wajerumani walimnyonga tarehe 4 Agosti 1905, na vita alivyovihubiri vikafika hadi Ubena, ambako misheni ya Yakobi karibu na Njombe ilishambuliwa mwaka huohuo. Lakini tazama umbo la simulizi lenyewe. Kinjikitile hasemi aliona nini chini ya maji. Hakuna mwanga, hakuna lango. Kinachosimuliwa ni kile walichokiona waliobaki nje, na uthibitisho wote umewekwa juu ya kitu kimoja cha kushikika, nguo kavu.

Miaka 97 baada ya Kinjikitile kuzama, Desemba 2001, jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha utafiti wa daktari wa moyo wa Uholanzi, Pim van Lommel. Wagonjwa 344 ambao mioyo yao ilisimama na kurudishwa walihojiwa, na 62 kati yao, yaani asilimia 18, walikuwa na habari ya kusimulia. Van Lommel aliuliza swali zito: kama ni upungufu wa oksijeni tu, mbona wengine 282 hawakuona kitu? Humohumo kuna kisa cha mwanamume aliyeletwa hospitalini hajitambui, muuguzi akamtoa meno ya bandia na kuyaweka kwenye kitoroli cha vifaa. Zaidi ya wiki moja baadaye mgonjwa alimtambua muuguzi huyo: huyu ndiye anayejua meno yangu yaliko. Ni nguo kavu zilezile. Na aliyekisimulia kisa ni muuguzi. Aliyekwenda anasimulia mwanga, aliyebaki anasimulia kithibitisho.

Mtafiti Sam Parnia na wenzake walijaribu kuiondoa haja ya msimuliaji huyo wa pili. Katika hospitali 15 za Uingereza, Marekani na Austria waliweka rafu zenye picha zinazoweza kuonekana kutoka darini tu. Matokeo yalitoka mwaka 2014: mioyo iliyosimama ni 2,060, waliohojiwa ni 140, na aliyeitaja picha hata moja hakuna. Mioyo mingi ilisimama katika vyumba visivyo na rafu, kwa hiyo jaribio halikufunga mjadala. Lakini halikuwapa watetezi wa roho walichokitarajia, na hilo lisemwe wazi.

Upande wa ubongo nao una pengo lake. Mwaka 2023 kundi la watafiti la Jimo Borjigin, Chuo Kikuu cha Michigan, lilieleza wagonjwa wanne walioondolewa mashine ya kupumulia. Kwa wawili, mawimbi ya kasi yaliongezeka ubongoni walipokuwa wakikata roho. Ugunduzi mkubwa, ila wote wanne walifariki. Tuna ubongo usio na hadithi. Utafiti wa Charlotte Martial wa 2019 ulilinganisha masimulizi 625 ya waliokaribia kufa na maelfu ya masimulizi ya watumiaji wa dawa mbalimbali, na iliyokaribiana nayo zaidi ikawa ketamini. Dawa hiyo si ngeni kwetu: wagonjwa wengi Tanzania wamepigwa nusu kaputi kwa ketamini, na wapo wanaoamka wakisema walikuwa wanaruka. Kwangu hoja hiyo ina nguvu kuliko ya oksijeni. Ila kilicholinganishwa ni msamiati. Mpangilio, ile amri na sababu ya kurudi, haukupimwa.

Kanisani kasoro ni kinyume chake: kuna hadithi bila shahidi wa pili. Kipaza sauti hupewa mtu mmoja. Muuguzi wa zamu ya usiku hayupo, mama aliyekesha nje ya wodi na kanga begani ameketi mstari wa nyuma, haulizwi. Halafu mhubiri anaipokea hadithi na kuigeuza onyo kabla haijapoa.

Linganisha na ushuhuda mwingine ambao Makete imeusikia sana. Njombe ilikuwa na maambukizi ya VVU ya asilimia 14.8 katika utafiti wa 2011–12, ya juu kuliko mikoa yote. Serikali ilipoanza kutoa ARV bure mwaka 2004, watu waliokuwa wakisubiriwa kuzikwa waliinuka vitandani. Simulizi yao haina mwanga wala lango. Ina kilo, tarehe za kliniki, jembe lililoshikwa tena. Na mashahidi wake ni kijiji kizima, wale waliokuwa wameanza kuchanga kwa ajili ya msiba. Hakuna anayebishana nayo.

Kwa ushahidi uliopo, sioni simulizi linalotulazimisha kutoka nje ya ubongo. Sioni pia sababu ya kumwita mwongo anayesimulia. Kukatika kwa vitenzi vyake mbele ya mwanga si jambo la kubuni kirahisi. Ninachotaka ni muuguzi na mama yule wahojiwe usiku uleule, kila mmoja peke yake, kabla mgonjwa hajafumbua kinywa na kabla mchungaji hajafika.