Hadhira Inayolala: Sauti, Usingizi na Uhakiki wa Bembelezi za Kiswahili

1. Utangulizi

Katika vitabu vingi vya fasihi simulizi ya Kiswahili, bembelezi hupewa nafasi ndogo. Mwanafunzi huelezwa kwamba ni wimbo wa kumtuliza mtoto ili alale, kwamba huimbwa kwa sauti ya chini na mahadhi ya polepole, na kwamba hutawaliwa na takriri. Baada ya hapo huwekewa maneno ya wimbo mmoja na kuulizwa maswali: nafsineni ni nani, mtoto anaahidiwa nini, wimbo unadokeza shughuli gani za kiuchumi za jamii husika. Sauti, iliyotajwa katika fasili, haionekani tena katika uchambuzi. Makala haya yanadai kwamba pengo hilo limetokana na mazoea ya kuhakiki wimbo kana kwamba ni shairi lililoandikwa, na kwamba mazoea hayo yanatuzuia kueleza jambo la msingi kuhusu utanzu huu, yaani namna unavyoleta usingizi.

2. Hadhira na kufaulu kwa utendaji

Mulokozi (1989) alitufundisha kuiona fasihi simulizi kama tukio linalotawaliwa na mwingiliano wa mambo sita: fanani, hadhira, fani inayotendwa, tukio lenyewe, mahali na wakati. Mkabala huo umetufaa sana, lakini bembelezi huupa mtihani mgumu. Katika tanzu nyingine, fanani hutaka hadhira iwe macho. Mtambaji wa hadithi hudai kuitikiwa. Mwimbaji wa taarabu hujua kwamba wimbo umekolea pale msikilizaji anapoinuka kwenda kumtuza. Mbembelezaji hutaka kinyume chake: kila hatua ya kufaulu kwake humpunguzia msikilizaji, na ufaulu kamili humwacha akiimba peke yake.

Jambo hili lina matokeo ya kinadharia. Bembelezi haina urefu uliowekwa. Hurefushwa mtoto anapogutuka, hupunguzwa kasi macho yanapolegea, hugeuka kuwa mvumo usio na maneno, kisha hukoma. Mwisho wake huamuliwa na mwili wa hadhira. Maneno manane au kumi yaliyochapwa kitabuni ni malighafi ya tukio hilo. Kuyaita “wimbo mzima” ni kukosea kipimo.

3. Maneno ni ya nani?

Utafiti wa Bainbridge na wenzake (2021) unalitia nguvu swali hili. Watoto wachanga nchini Marekani walisikilizishwa nyimbo kutoka jamii mbalimbali, katika lugha wasizozijua. Mapigo ya moyo yao yalipungua zaidi waliposikia bembelezi kuliko waliposikia nyimbo nyingine ambazo hazikukusudiwa kubembeleza. Hawakuelewa neno hata moja, wala hawakumjua mwimbaji. Kilichowatuliza ni umbo la sauti.

Je, maneno hayana kazi? La hasha. Yana hadhira nyingine. Federico García Lorca, katika mhadhara wake wa mwaka 1928 kuhusu bembelezi za Hispania, alishangazwa na huzuni iliyojaa katika nyimbo za kuwalaza watoto, akaihusisha na maisha ya wanawake maskini walioziimba. Hali kama hiyo si ngeni kwetu. Bembelezi inaweza kumtisha mtoto kwa fisi, kumlalamikia baba aliyetoweka au kutaja njaa, huku mahadhi yakibaki laini. Wahakiki huita hali hiyo kinaya. Lakini kinaya humhitaji mtu anayeelewa pande zote mbili, na mtoto mchanga si mtu huyo. Kinaya ni cha mama mwenyewe, cha bibi aliye chumba cha pili, cha jirani anayesikia dirishani. Kwa hiyo bembelezi huwasilishwa kwa hadhira mbili kwa wakati mmoja: mtoto hupokea sauti, watu wazima hupokea maneno. Uhakiki wetu umekuwa ukihudumia hadhira ya pili pekee, kisha ukatoa hukumu kuhusu dhima inayoihusu hadhira ya kwanza.

4. Sauti ndani ya sarufi

Mtu anaweza kudai kwamba sauti ni kazi ya wanamuziki, si ya wanaisimu wala wahakiki wa fasihi. Dai hilo halisimami, kwa sababu sarufi ya Kiswahili yenyewe inashiriki katika kubembeleza. Tuchukue amri lala. Kitenzi hiki kina maana ya kujinyoosha kitandani na pia ya kuwa usingizini. Maana ya kwanza inaweza kuamriwa; ya pili haiwezi. Wasemaji wa Kiswahili wanalijua hili, ndiyo maana husema usingizi umemchukua fulani, au kwamba amepitiwa na usingizi. Mtendaji ni usingizi. Binadamu ni mtendwa. Basi mwimbaji anayerudia lala mara ishirini hatoi amri ishirini. Kadiri neno linavyorudiwa, ndivyo nguvu yake ya kuamuru inavyofifia na umbo lake la kifonolojia linavyobaki: silabi mbili wazi, irabu moja, pigo na mwangwi wake. Takriri hapa haisisitizi maana, kama tunavyozoea kuandika, huiondoa.

Hata hivyo, tujihadhari na uchawi wa sauti. Konsonanti l haina usingizi ndani yake. Lalama na lalamika zinaanza kwa silabi zilezile, lakini hazimlazi mtu. Kitenzi lala kimerithiwa kutoka mzizi wa kale wa Kibantu. Hakikubuniwa na walezi. Kinachofanya kazi ni jinsi utendaji unavyotumia sifa za lugha: silabi wazi zinazoruhusu irabu kuvutwa bila kukatizwa, na mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, ambao humpa mwimbaji mahali panapotabirika pa kurefusha. Kipimo cha mizani, tunachokitumia kwa mashairi ya kimapokeo, hakitoshi hapa. Ulinganifu wa bembelezi hutokana na mwili: mtikiso wa mtoto aliye kwenye mbeleko, kiganja kinachompigapiga mgongoni, pumzi ya mbembelezaji. Mshororo wenye silabi saba na wenye silabi kumi na moja huweza kuchukua muda uleule, maana irabu hurefushwa au kubanwa kufuata mtikiso.

5. Rekodi na tukio

Suala hili lina uzito nje ya darasa pia. Leo simu hucheza sauti za kulaza watoto na watu wazima. Kwa watu wazima upo ushahidi wa kuheshimika: mapitio ya Cochrane ya mwaka 2022, yaliyojumuisha tafiti 13 zenye washiriki 1,007, yaliona kwamba kusikiliza muziki uliorekodiwa huweza kuboresha ubora wa usingizi kama unavyoelezwa na wenye tatizo la kukosa usingizi wenyewe. Hatuna sababu ya kuidharau rekodi. Lakini je, bembelezi ya simu na ya mlezi ni kazi moja? Kwa kigezo cha maneno, jibu ni ndiyo: beti ni zilezile. Kwa kigezo cha utendaji, ni mbili tofauti, kwani rekodi haisikii mtoto anapogutuka wala haijui lini inyamaze. Uhakiki usioweza kuiona tofauti hii hauna cha kumwambia mzazi, mlezi wala mtafiti wa usingizi. Umejitoa katika mjadala unaouhusu.

6. Hitimisho

Makala haya hayapendekezi kutupwa kwa uchambuzi wa maudhui. Bila huo tungepoteza ushuhuda wa wanawake ambao mara nyingi hawakuwa na jukwaa jingine la kulalamika. Yanapendekeza kwamba wanafunzi tunaowatuma kukusanya bembelezi waleteshwe zaidi ya maneno: wimbo ulichukua muda gani, kasi ilibadilika wapi, irabu zipi zilivutwa, maneno yalikoma lini na mvumo kuanza, na mtoto alikuwa na hali gani wakati huo. Mambo haya yanahitaji kinasa sauti, saa na subira. Yakikosekana, tutaendelea kuhifadhi walichosikia watu wazima, na kupoteza kile kilichomlaza mtoto.