"Borrow" na "Lend" Mbele ya Kuazima na Kukopa

Sentensi "Borrow me your pen" aghalabu huhesabiwa darasani Nairobi kuwa kosa la uzembe. Mwanafunzi huelezwa kwamba "borrow" ni la apokeaye na "lend" ni la atoaye. Kwa Kiingereza, sahihisho hilo ni la haki. Linalostahili kuhakikiwa ni fasiri inayolifuata, yaani kwamba "borrow" ni kukopa na "lend" ni kukopesha, basi.

Kiingereza hutenganisha maneno haya kwa mwelekeo wa kitu. Kiswahili hutazama kwanza hatima yake. Kinachoazimwa hurudishwa chenyewe. Kinachokopwa hutumika kikaisha, na badala yake hulipwa. Methali zashuhudia: "Nguo ya kuazima haisitiri matako", kwani mwenyewe aweza kuidai wakati wowote, lakini "Kukopa harusi, kulipa matanga". Hivyo, achukuaye kitabu katika Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa 1931 katika Mtaa wa Banda, ameazima. Achukuaye unga dukani Kawangware hadi mwisho wa mwezi amekopa.

Kisarufi pia vitenzi hivi havifanani. Tulinganishe:

(a) Nimeazima kalamu.
(b) Ameniazima kalamu.
(c) Nimekopa pesa.
(d) Amenikopesha pesa.

Katika (a) na (b) kitenzi ni kile kile. Kiambishi cha mtendewa -ni- ndicho kinachogeuza mwelekeo. Azimisha lipo, lakini si la lazima. Katika (d), kinyume chake, hapana budi kiambishi -esh- kiongezwe. Kwa hiyo asemaye "borrow me" hakukosa mantiki. Amekivika kitenzi cha Kiingereza sarufi ya azima.

Kosa zito zaidi halisahihishwi. "Nikopeshe kalamu" husikika leo kutoka Kangemi hadi katikati ya jiji, ingawa kalamu hiyo hailipwi, hurudishwa. Huduma za mikopo kwa simu, kama M-Shwari ya 2012 na Fuliza ya 2019, zimelipa neno kukopa uwanja mpana. Darasa linalofasiri "borrow" kwa neno moja tu lalisaidia kumeza lenzake.

Wanaisimu nao wahusika. Husema "maneno ya mkopo", si ya kuazima, na uteuzi huo una msingi. Meza, lililotoka Kireno, na shule, lililotoka Kijerumani, yamekuwa mali ya Kiswahili, yakapata ngeli na upatanisho. Hakuna angojaye kurudishiwa. Lakini hoja hiyo yasimama maadamu azima lingali hai kando ya kopa. Likitoweka, istilahi hiyo itabaki kuwa tafsiri tu ya "borrow".

Kabla ya kufundisha mwelekeo, basi, mwalimu aulize: kitu hiki kitarudishwa au kitalipwa? Swali hilo halimo katika Kiingereza. Katika Kiswahili ndilo la kwanza.