Ahabu wa Limuru: Jinsi Mnafiki Alivyoundwa Jukwaani

Katika maigizo yetu, pasta mwovu mara nyingi hutambulika kabla hajafungua kinywa: suti inayometa, Biblia kubwa kwapani, macho kwa mke wa mwenzake. Mtazamaji wa Kibera au Kawangware, anayepita makanisa ya mabati kila kona, atamcheka kisha aende zake, maana mtu wa namna hiyo hajawahi kumdhuru. Anayesumbua kweli ni Ahab Kioi wa Kanoru, tajiri mcha Mungu wa Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ iliyoigizwa na wakulima na wafanyakazi wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, kuanzia Oktoba 1977. Serikali iliipiga marufuku baada ya wiki chache, na Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa tarehe 31 Desemba mwaka huo. Nguvu ya Kioi inatokana na uamuzi mmoja wa kiufundi: unafiki wake haukuwekwa katika mavazi wala katika maneno, uliwekwa katika mtiririko wa matukio. Ucha Mungu wenyewe ndio unaolichukua shamba la maskini.

Tazama hatua zake. Kiguunda, kibarua wa Kioi, ana ekari moja na nusu, na hatimiliki yake imetundikwa ukutani. Mapema kabisa tunajua kuwa shamba hilo linatakiwa kwa kiwanda cha dawa ya wadudu. Kioi na mkewe wanapowatembelea Kiguunda na mkewe Wangeci, hawataji shamba hata kidogo. Wanataja dhambi: ninyi mmeishi miaka yote hii bila ndoa ya kanisani. Ndoa ya kanisani inataka pesa, pesa inataka mkopo, mkopo unataka hatimiliki, na Kioi ana sauti katika benki. Ukiondoa dini katika mnyororo huo, shamba halichukuliki. Na kuna jambo ambalo ni la macho tu, ndiyo maana naliona bora kuliko hotuba zote za tamthilia: baada ya mkopo, pale ilipokuwa hatimiliki panatundikwa ubao unaomtangaza Kristo kuwa kichwa cha nyumba, sawa na ule wa nyumbani kwa Kioi. Hakuna mhusika anayelazimika kutueleza kilichotokea. Ukuta umeshasema.

Wapo wanaolalamika kwamba kumwita tajiri Ahab na mkewe Jezebel ni kumhukumu mtu kabla hajatenda. Lau majina hayo yangekuwa lebo za ubaya tu, ningekubaliana nao. Lakini fungua Wafalme wa Kwanza, sura ya 21. Ahabu anatamani shamba la mizabibu la Nabothi; Yezebeli anaandika barua kwa jina la mfalme, anazitia muhuri, na kuagiza watu wafunge. Nabothi anashtakiwa kwa kumtukana Mungu, anapigwa mawe, shamba linachukuliwa. Kufunga, muhuri na shtaka la kidini ndizo zana za wizi ule. Watazamaji wa Kamĩrĩĩthũ walikuwa watu wa kanisani. Waliposikia majina hayo walijua shamba litakwenda. Hamu yao haikuwa kujua kama litakwenda bali kwa njia gani, na hiyo humfanya mtu aangalie kila karatasi inayotiwa sahihi. Molière naye, mwandishi wa tamthilia wa Kifaransa, katika Tartuffe, iliyoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1664, alimpa mnafiki hati ya mali ya mwenyeji wake. Lakini Molière alimficha mwenye nyumba chini ya meza ili amsikie mlaghai kwa masikio yake, na mwishoni mfalme anaokoa familia. Kiguunda hana meza ya kujificha wala mfalme wa kumwokoa. Anakwenda kwa Kioi na upanga, na Jezebel anamfyatulia risasi.

Pingamizi zito zaidi ni la waumini: kwa mpangaji wa chumba cha futi 10 kwa 10, kanisa ndilo linalochanga msiba ukitokea, na tamthilia haimwonyeshi muumini mwema hata mmoja. Ni kweli, na naliona kuwa pengo. Hadithi ya Nabothi ina nabii Eliya anayemkabili Ahabu ndani ya shamba lile lile. Hapa kazi hiyo anapewa Gicaamba, mfanyakazi wa kiwandani, ambaye hasemi kwa jina la imani. Muumini mmoja mnyofu angemfanya Kioi atishe zaidi, kwa kuwa tungewaona wawili wakitumia maneno yale yale.

Tamthilia hii ilirudi Nairobi mwaka 2022, katika Ukumbi wa Kitaifa. Kundi litakaloipeleka mtaani litakabiliwa na swali la kiufundi. Kawangware, iliyoko Dagoretti kwenye ardhi za watu binafsi, hatimiliki ukutani inaeleweka mara moja. Kibera wakazi wengi ni wapangaji, na sehemu kubwa ya ardhi imekuwa ya serikali. Wanubi wenyewe, wakazi wa kale wa Kibera, walipata hati ya jamii ya ekari 288 mwaka 2017 tu. Huko Kioi hawezi kuja kwa ajili ya shamba. Atakuja kwa kodi ya mwezi, au karo ya mtoto iliyowekwa kando, akihimiza mama apande mbegu, yaani atoe sadaka akitumaini baraka, na hicho ndicho kitu ambacho mwongozaji anapaswa kukitundika ukutani tangu onyesho la kwanza, tukione kabla hakijaondolewa.