Kufa na Kurudi: Uhakiki wa Mchezo wa Dead Cells

Wasomaji wetu wamezoea kukuta katika ukurasa huu uhakiki wa riwaya, tamthilia au diwani. Safari hii tumeuchagua mchezo wa kompyuta, na waliotusukuma ni wanafunzi wenyewe. Katika zoezi la kusimulia, watatu kati yao, wawili wa Gitega na mmoja wa Muyinga, walileta kisa kimoja: mfungwa asiye na kichwa anayetoroka gereza la kisiwani. Tuliitafuta asili yake, nasi tukacheza.

Dead Cells ulitolewa rasmi mwezi Agosti 2018 na Motion Twin, ushirika wa wafanyakazi wa Bordeaux, Ufaransa, ambao wanachama wake walilipwa mshahara sawa. Mchezaji hukimbia, huruka, hupigana kwa upanga, upinde au ngao. Akifa, hupoteza karibu kila alichobeba na huanza tena gerezani, na njia nazo zimekwisha kubadilika. Vyumba vilibuniwa na watu. Kompyuta ndiyo inayovipanga upya kila safari. Kinachobaki ni kile alichokwisha kukilipia kwa seli anazookota kwa maadui waliouawa, pamoja na uwezo wa kudumu, kama vile kuotesha mimea itambaayo ya kupandia, unaomfungulia njia ambazo awali alizipita tu.

Tulipojaribu kuuhakiki kwa kigezo tunachokifundisha, fani upande huu na maudhui upande ule, kazi ilitushinda. Kifo hapa ni dhamira au ni muundo? Katika riwaya mhusika hufa mara moja. Huyu hufa mara hamsini, na msuko hausongi mbele bila vifo hivyo. Wapo watakaosema kwamba hata fanani wa ngano hasimulii mara mbili kwa namna ile ile. Ni kweli, ila fanani hubadili kwa sababu ameitazama hadhira yake. Kompyuta hupiga kura tu. Ulinganisho huo tunauona mwepesi.

Lililotugusa zaidi ni suala la nafsi. Wanafunzi wa Gitega, ambao Kiswahili chao ni cha darasani, waliandika "mhusika anafariki". Yule wa Muyinga, aliyekulia karibu na mpaka wa Tanzania na kukisikia Kiswahili sokoni, aliandika "nikafa tena". Tulimsahihisha kwa wino mwekundu: simulizi ilianza kwa nafsi ya tatu, haina budi kuendelea hivyo. Kisha tukacheza. Adui mkuu wa Daraja Jeusi alipotuangusha mara ya nne, mmoja wetu akapiga kelele, "Tumekufa!" Hakuna aliyesema kwamba mhusika amefariki. Alama za kijana tulimrudishia.

Udhaifu upo. Hadithi hutolewa vipande vipande, maiti hapa, maandishi pale, na mizaha yake huipunguzia uzito tauni iliyokiangamiza kisiwa. Tena ipo milango inayojifunga muda ukipita, na nyuma yake mna zawadi. Kwa hiyo anayesimama kusoma vipande hivyo hukosa mali, na anayekimbia bila kusoma huvuna. Mtunzi anayemtoza faini msomaji wake makini ana la kujibu.

Lugha nayo? Kifaransa kimo katika mchezo, Kiswahili hakimo. Tuliwapa wanafunzi kazi ya kutafsiri jina peke yake, tukidhani ni zoezi la dakika tano. Neno la Kiingereza, sawa na "cellule" ya Kifaransa, hubeba chembe ya mwili na chumba cha mfungwa kwa pamoja, na mchezo unazihitaji maana zote mbili. Masikioni mwa wanafunzi wetu "seli" ni ya somo la biolojia. Mahabusu hufungiwa "kasho". Wa Gitega wameandika "Seli Zilizokufa". Wa Muyinga anashikilia kwamba bila kasho hakuna hadithi, na mpaka tunapeleka kurasa hizi mtamboni hajakubali kushindwa.