Kadenge na Mpira, Sisi na Majina ya Kuazima

Sentensi mashuhuri kuliko zote katika soka ya Kenya haina kitenzi. Ni maneno matatu tu: Kadenge na mpira. Leonard Mambo Mbotela, mzaliwa wa Mombasa, aliyatangaza redioni enzi za Joe Kadenge, akayarudia na kuyarudia hadi yakatoka uwanjani yakaingia majikoni, matatuni na mabarazani. Kadenge alifariki Julai 2019 akiwa na miaka 84. Mbotela naye akaondoka Februari 2025. Sentensi imebaki. Mkute kijana wa Malindi ambaye hajaona hata picha ya Kadenge, umwambie "Kadenge", uone kama hatakumalizia "na mpira".

Wengi wanaichukulia kama kichekesho cha wazee. Mimi naona ni kazi ya lugha inayostahili kusomwa vile tunavyousoma ubeti, maana ndani yake mna fununu ya jibu la swali linalotukera huku kwetu, kuanzia Mtwapa hadi ng'ambo ya mto Sabaki: mbona vijana wetu wanacheza vizuri hivi na hakuna anayewajua?

Tuanze na sarufi, haitachukua muda. Mtu akiwa na kitu, Kiswahili cha kila siku hakimtafutii kitenzi maalumu. Kinatumia kile kijineno "na", kilekile cha kuunganishia watu. Juma na Halima. Chai na mahamri. Kadenge na mpira. Sikio linapokea mambo mawili kwa mpigo: kwamba mpira uko kwa Kadenge, na kwamba Kadenge na mpira wameongozana. Si mtu na mali yake, ni mtu na mwenzake. Isitoshe, hakuna wakati hapo. Mtangazaji hasemi alikuwa nao wala atakuwa nao. Bao halijaingia, beki hajafika, na sisi wasikilizaji tumeshika roho. Ndiyo maana sentensi hii haizeeki. Imesimama pale pale kabla ya jambo kutokea.

Halafu hesabu mizani. Ka-de-nge, tatu. Na, moja. M-pi-ra, tatu. Jina upande huu, mpira upande ule, na kijineno katikati kama mstari wa kugawa uwanja. Sisemi Mbotela alikaa chini akahesabu. Mpira haumngoji mtangazaji. Lakini alikuwa mtu wa mwambao, wa ukoo wa Mbotela wa Frere Town, ukoo uliomtoa pia James Juma Mbotela aliyeandika Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichochapishwa mwaka 1934. Mtu wa namna hiyo huwa na mizani kichwani kabla hajafungua kinywa.

Lakini jambo kubwa zaidi ni kazi ambayo jina linafanya redioni. Msikilizaji aliyekaa Gede au Ganze haoni uwanja wa Nairobi. Amemwazima mtangazaji macho. Mchezaji asipotajwa, kwa msikilizaji huyo hayupo, hata kama amekimbia dakika tisini. Kwa hiyo mtangazaji wa redio ana wajibu ambao mwenzake wa runinga hana: amtazame kila mmoja, amjue, amtaje kwa jina lake. Umaarufu wa Kadenge ulitokana na miguu yake, hilo halina ubishi. Ila kilichoufikisha Malindi si miguu. Ni mdomo wa mtu aliyekuwa anamtazama kweli.

Sasa njoo kwetu leo. Jumamosi jioni kumbi za video zinajaa, mabati juu, viti vya plastiki chini, joto la kukamua shati. Kwenye skrini mtangazaji anazungumza Kiingereza, lakini sidhani kuna anayemsikiliza. Ukumbi unajitangazia wenyewe, kwa Kiswahili na Kigiriama. "Msimamie huyo, usimpe mguu wa kushoto!" "Aaa, mwanangu, hapo si unamrudishia tu!" Malindi ina ziada yake: mji umeishi na Waitaliano miaka mingi, wafanyabiashara wanaongea Kiitaliano bila kukwama, na utapata mashabiki wa Juventus na Milan wanaobishana kana kwamba wamezaliwa Turin. McDonald Mariga alipohamia Inter kutoka Parma mwaka 2010, na Inter ikatwaa ubingwa wa Ulaya mwezi Mei, huo haukuwa mji wa kuelezwa Inter ni nini.

Nasema bila kebehi: hao ndio wahakiki hodari wa mwambao huu. Wanajua Saka akipokea mpira kulia ataingia ndani kwa kushoto. Wanamjua beki aliyeanza kuchoka kabla kocha wake hajamwona. Wana jicho, wana kumbukumbu, wana maneno. Swali ni wapi wanayatumia.

Maana kesho yake, Jumapili, nenda uwanja wa Alaskan hapa Malindi, au Karisa Maitha kule Kilifi, kukiwa na mchuano wa vijana. Kuna kipaza sauti, kuna mshereheshaji mwenye koo la chuma. Kijana anapokea mpira, anampiga beki chenga, anamvisha wa pili kanzu, uwanja unalipuka. Na kipaza sauti kinasema nini? "Messi wa Kakoneni!" Dakika mbili baadaye upande wa pili kuna Drogba wa Mambrui, na golini amesimama Buffon wa Msabaha. Kila mtaa una Messi wake. Ukirudi nyumbani ukaulizwa nani alicheza vizuri, utajibu Messi. Yupi? Hapo ndipo utakapoanza kujikuna kichwa.

Hili ni kosa la sitiari kabla ya kuwa kosa la mpira. Sitiari nzuri inakufanya umtazame mtu upya. Sitiari mbovu inakupa ruhusa ya kutomtazama. Ukishamwita kijana Messi umemaliza kazi, huna haja ya kugundua kwamba huyu anatumia mguu wa kulia, ni mrefu, na ana tabia ya kusimama tuli kama anayefikiria deni kabla ya kuondoka ghafla. Kule kusimama ndiko mali yake. Hakuna Messi hapo. Palikuwa na jina la kuvunwa, tukapitiliza, tukaenda kuazima la mbali.

Linganisha na majina yaliyotoka kwenye mchezo au maisha ya mchezaji mwenyewe. Sunday Manara wa Yanga aliitwa Kompyuta miaka ya 1970, wakati wengi waliolitamka neno hilo hawajawahi kuiona mashine yenyewe. Walichojua ni kwamba kuna kitu huko duniani kinachokokotoa haraka kuliko binadamu, na hiki wanachokiona mbele yao kinafanana nacho. Manara alifika hadi Heracles ya Uholanzi na jina hilo likamfuata. Mahmoud Abbas, kipa kutoka Mombasa, aliitwa Kenya One. Jezi namba moja, nchi namba moja, katika miaka ambayo Kenya ilichukua kombe la Cecafa mara tatu mfululizo, 1981, 1982 na 1983. Michael Olunga wanamwita Injinia kwa sababu alisomea uhandisi, na mwaka 2020 alipofunga mabao 28 katika ligi kuu ya Japani, jina likazidi kumkaa. Zanzibar wana Feisal Salum, Fei Toto, jina lililokatwa kutoka jina lake mwenyewe likaongezwa mahaba. Hakuna hata mmoja hapo aliye nakala ya mtu.

Najua kuna atakayenikumbusha Abedi Ayew wa Ghana. Aliitwa Pele, na jina halikumlemea. Kona yake ndiyo iliyozaa bao la Marseille katika fainali ya Ulaya ya 1993. Ni kweli. Kuazima si dhambi. Lakini Abedi hakuwa "Pele wa" mahali fulani tu. Alikuwa Abedi Pele, jina lake likatangulia, la kuazima likafuata. Watu walimtazama yeye mpaka jina la pili likageuka kuwa lake. Sisi tunafanya kinyume: la mgeni mbele, la mtoto wetu hatuliulizi kabisa.

Na gharama yake si ndogo. Mwaka 1965 timu ya Feisal ya Mombasa ilikuwa bingwa wa ligi ya Kenya. Tangu hapo hakuna klabu ya Pwani iliyolirudia jambo hilo. Bandari imefika mlangoni na kugeuka. Ali Kajo na Ahmed Breik walitoka mwambao huu wakavaa jezi ya taifa. Waulize mabarobaro wa leo. Wengi hawatakuwa na la kusema, na si kwa sababu hawapendi mpira. Ni kwa sababu habari za wachezaji hao zimebaki vinywani mwa wazee, na wazee wanaondoka mmoja mmoja. Mchezaji wa Alaskan yuko pabaya zaidi, maana hata kinywani hajaingia. Akija mtu kutafuta vipaji akauliza yule wa wiki jana ni nani, tutampa jina la mtu aliyezaliwa Rosario.

Kuna lugha nyingine imeingia, na hiyo naiogopa kuliko Messi wa kuazima. Ni lugha ya mkeka. Kwa mama zetu mkeka ni ukili na mikono, kazi ya siku nyingi. Kwa mcheza kamari ni orodha ya mechi kwenye simu, na ukichanika umechanika jioni hiyo hiyo. Msikilize anavyozungumza: huyu ana odi nzuri, hapa timu zote zinafunga, hapa mabao yatazidi mawili. Husikii jina la mchezaji hata moja. Amwite Messi basi, angalau ni jina la mtu! Lugha ya mkeka haimhitaji Kadenge wala mpira, inahitaji tokeo tu. Na siku hizi naisikia ikipanda sauti ukumbini, ikimzima yule mhakiki aliyekuwa akisema "msimamie huyo".

Wapo watakaosema nalilia mambo ya redio wakati dunia imehama. Bwana, mimi simkatazi mtu Arsenal yake. Huu ni mwambao, tangu lini tukafunga milango kwa kinachotoka baharini? Mombasa yenyewe ilikuwa na timu iliyojiita Liverpool. Furaha ya kumpenda mchezaji wa mbali ni furaha halali. Nadai jambo moja dogo tu: jicho lile lile analopewa Saka Jumamosi, apewe kijana wa Kakoneni Jumapili.

Pingamizi zito zaidi ni hili: jina halilishi. Kadenge huyo huyo, mwenye sentensi nchi nzima, uzeeni alijulikana Nairobi kama dereva wa teksi. Abiria walimtambua, wakamwitia "na mpira", wakalipa nauli, wakashuka. Hilo siwezi kulipamba. Sifa bila mfumo wa kumtunza mchezaji ni deni ambalo taifa halilipi, na hakuna mtangazaji awezaye kulilipa kwa niaba yake. Lakini angalia pia upande wa pili. Mwaka 2017 Victor Wanyama alipozuru Dar es Salaam walimpa barabara huko Ubungo, wakasimamisha kibao chenye jina lake. Haikuchukua muda, kibao kikaondolewa. Heshima ya mamlaka huondolewa na mamlaka. Maneno matatu ya Mbotela hayakuwekwa na ofisi, na hakuna ofisi iliyo na uwezo wa kuyang'oa. Kadenge alinyimwa mengi, ila hakunyimwa kuonekana. Vijana wetu wananyimwa yote mawili, na hili la pili halihitaji bajeti ya serikali.

Malindi ina nguzo ya Vasco da Gama, mgeni aliyetia nanga 1498 na kuendelea na safari yake ya India. Sina haja ya nguzo ya mchezaji. Ninachotaka ni mshereheshaji wa Alaskan, kabla mechi haijaanza, azunguke na daftari la shilingi ishirini aandike majina ishirini na mawili, la baba likiwemo, na kando ya kila jina neno moja juu ya jinsi mchezaji huyo anavyocheza. Halafu ashike kipaza sauti, na yule kijana mrefu anayesimama kabla ya kuondoka akipokea mpira, atuambie ni nani aliye nao.