Penseli ya makaburu na mkono wa Wikus

Kama umeitazama District 9 (2009) ya Neill Blomkamp, huhitaji kuambiwa kwamba inazungumzia ubaguzi wa rangi. Chombo kutoka anga za mbali kinasimama juu ya Johannesburg mwaka 1982, viumbe waliomo wanashushwa na kurundikwa kwenye mabanda, kisha inakuja kampuni na karatasi za kuwahamisha. Hata jina linakumbusha District Six ya Cape Town, iliyotangazwa eneo la Wazungu mwaka 1966. Watu zaidi ya 60,000 waliondolewa pale.

Ujumbe upo. Swali langu ni la kibiolojia: je, mfano wenyewe unafaa?

Angalia. Wale viumbe ni spishi nyingine kabisa. Silaha zao zinatambua DNA yao tu. Binadamu akizishika, hazifyatuki. Wikus anarukiwa na kimiminika usoni, mkono wake unaanza kugeuka wa kiumbe, na ghafla silaha zinamtii. Yaani ndani ya filamu, tofauti kati ya "sisi" na "wao" iko kwenye seli, na inapimika maabara.

Sasa linganisha na makaburu. Sheria yao ya mwaka 1950 ya kuandikisha watu kwa rangi ilitegemea sura ya mtu na vile jamii inavyomchukulia. Palipokuwa na utata, penseli ilichomekwa kwenye nywele: ikidondoka, Mzungu; ikinasa, siyo. Eti sayansi! Ndugu wa tumbo moja waliweza kuwekwa kwenye makundi mawili. Mwaka 1972 Richard Lewontin alichambua makundi ya damu na protini za watu wa sehemu mbalimbali duniani, akakuta karibu asilimia 85 ya tofauti za kurithi ziko ndani ya jamii moja moja, siyo kati ya kinachoitwa "rangi" moja na nyingine. Mpaka ule waliutafuta kwa penseli kwa sababu kwenye damu haukuwepo. Filamu, bila kukusudia, inawachorea.

Ndiyo maana kwangu sehemu kali zaidi haina maabara: Wikus anagonga mlango mmoja baada ya mwingine, anatabasamu, anaomba saini ya kumfukuza mtu kwake. Hapo Blomkamp amepatia kabisa.

Halafu kuna Wanigeria. Majambazi, wanauza chakula cha paka kwa bei ya kuumiza, na wanakula nyama ya viumbe ili wapate nguvu zao. Bosi wao anaitwa Obesandjo, sijui kama Rais mstaafu Obasanjo alicheka. Serikali ya Nigeria ilitaka filamu iondolewe kwenye majumba ya sinema, na mimi naielewa. Picha zilipigwa Soweto mwaka 2008, mwaka uleule ambao wageni kutoka nchi za Afrika walishambuliwa Afrika Kusini na watu zaidi ya 60 wakauawa.

Kiumbe Christopher amepewa mtoto wa kumlea, majonzi, na ahadi ya kurudi baada ya miaka 3. Itazame tena, unitafutie Mnigeria mmoja aliyepewa hata kimojawapo.