Viti Vitatu vya Thoreau

Kuna vitabu vinavyotajwa zaidi kuliko vinavyosomwa, na kila avitajaye huvipa sura aitakayo mwenyewe. Kimoja cha vitabu hivyo ni *Walden*, alichokitoa Henry David Thoreau wa Marekani mwaka 1854. Mtu aliyechoshwa na wenziwe hukishika kama hati ya ruhusa ya kuwakimbia. Mtu apendaye baraza na mazungumzo hukicheka, akisema kuwa mwandishi wake alikuwa mwenye majivuno aliyejifanya mtawa. Nia yangu ni kuonyesha kwamba wote wawili wamekosa, na kwamba kosa lao humdhuru kijana yeyote aliyezaliwa na tabia ya kimya.

Kwanza tuyatazame mambo yalivyokuwa. Thoreau alihamia kando ya ziwa dogo la Walden tarehe 4 Julai 1845, akaondoka tarehe 6 Septemba 1847. Nyumba yake ilikuwa chumba kimoja, urefu wake futi 15 na upana wake futi 10. Gharama za kuijenga alizihesabu hata nusu ya senti: dola 28 na senti 12 na nusu. Kiwanja kilikuwa mali ya rafiki yake, Ralph Waldo Emerson. Wala hakuwa jangwani. Mji wa Concord ulikuwa karibu kwa miguu, na gari la moshi lilipita likivuma jirani na ziwa. Alikwenda mjini mara kwa mara kusikiliza habari, na jamaa zake waliokuwa wakikaa huko walimkaribisha chakula.

Mwenye kucheka hupaza sauti hapa, akauliza ni mtawa gani huyu alaye kwa mamaye. Swali hilo lingekuwa na nguvu kama Thoreau angalidai utawa, lakini hakudai. Ametueleza waziwazi kwamba nyumba yake ilikuwa na viti vitatu, na kila kimoja amekipa kazi yake: kimoja cha kukalia peke yake, cha pili kwa ajili ya rafiki, na cha tatu kwa ajili ya kundi la watu. Wageni walipozidi, walisimama, na anasimulia kuwa iliwahi kutokea watu 25 au 30 wakawa chini ya dari lake kwa wakati mmoja. Mwenye kuwachukia watu hahesabu wageni wake kwa furaha namna hiyo.

Mpango wa kitabu chenyewe wasema neno lile lile. Sura ya tano yahusu upweke, na mara baada yake, sura ya sita yahusu wageni. Sidhani kuwa utaratibu huo ni wa bahati tu. Mwandishi ajua kwamba kukaa peke yake na kukaa na watu ni kama kuvuta pumzi na kuitoa. Hakuna awezaye kuchagua moja akaacha jingine. Tena asema kwamba chumba chake kilikuwa na upungufu mmoja: mazungumzo yalipofikia mambo makubwa, yeye na mgeni wake walisogeza viti nyuma mpaka vikagusa kuta, kwa kuwa fikira kubwa zahitaji nafasi katikati ya wanaozungumza. Hayo si maneno ya mtu asiyependa mazungumzo. Ni maneno ya mtu ayapendaye hata hataki yaharibike kwa msongamano.

Mwaka 1921 Carl Jung, tabibu wa nafsi wa Uswisi, alitoa kitabu chake juu ya aina za tabia. Humo alieleza kuwa nguvu za nafsi kwa watu wengine huelekea nje, kwenye watu na vitu, na kwa wengine huelekea ndani, kwenye fikira zao wenyewe. Thoreau alikuwa amefariki tangu mwaka 1862, lakini viti vyake vitatu vyafafanua jambo hilo kwa wepesi ambao kitabu cha tabibu hakina. Mtu wa kimya si mtu mbovu. Ni mtu ambaye kiti cha kwanza kisipokaliwa, hana cha kumpa mgeni wa kiti cha tatu.

Je, alitoa nini? Mwezi Julai mwaka 1846 aliingia mjini kuchukua kiatu kwa fundi, akakamatwa, akalala usiku mmoja gerezani, maana alikataa kulipa kodi ya kichwa kwa serikali iliyoruhusu utumwa. Mawazo ya usiku ule aliyahutubia, yakapigwa chapa mwaka 1849. Baadaye yalisomwa na Gandhi na Martin Luther King. Mwaka 1859, wengi walipoogopa kumtetea John Brown aliyeshika silaha dhidi ya utumwa, Thoreau alisimama mbele ya watu wa mji wake akasema. Waswahili wamenena kuwa kimya kingi kina mshindo mkuu.

Walakini mhakiki hapaswi kuwa msifu tu. Katika sura ya kumi Thoreau aingia kwa sababu ya mvua katika kibanda cha John Field, mhamiaji maskini kutoka Ireland mwenye mke na watoto. Badala ya kumsikiliza, amhubiria kwamba angeacha chai, kahawa na siagi angepunguza taabu ya kazi. Kisha amwandika kwa dharau. Yeye hakuwa na mke wala mtoto, na alikaa katika kiwanja cha rafiki. Hapo kiti cha tatu kilikaliwa vibaya. Upweke ulimfundisha kufikiri, lakini haukumfundisha siku ile kusikia. Mtu wa kimya na aogope kosa hilo: kudhani kuwa kwa sababu hasemi sana, basi awajua watu.

Katika shule zetu za bweni mwanafunzi hawezi kujijengea nyumba ziwani. Hulala, hula, husoma na huoga mbele ya wenziwe. Jioni akijitenga chini ya mti, huitwa mwenye kiburi, na mwalimu huandika katika ripoti: "Ni mkimya mno; ajitahidi kuchangamka." Mimi mwenyewe nimeandika maneno hayo zaidi ya mara moja, wala sikuuliza kijana yule alikuwa akifikiri nini. Mtu ni watu, ni kweli. Lakini watu nao ni mtu mmoja mmoja.

Basi, msomaji kijana, ukisoma *Walden* usiige kibanda. Jiulize viti vyako vitatu viko wapi. Ikiwa cha kwanza hakikaliwi kamwe, utachoka upesi, na maneno yako yatakuwa mwangwi wa maneno ya wengine. Ikiwa cha tatu kina vumbi, ondoka ukipanguse, kwa maana huenda mgeni yuko njiani.